Beki Niliyempa Alama Thelathini na Moja

Naikumbuka siku moja ya upepo, vumbi jekundu la Karatu likiingia hadi kwenye meno, nilipomwambia kijana mmoja mbele ya watu wote wa mnada kwamba hafai kucheza mpira. Ningependa kuisahau, lakini ninyi vijana mnaochagua wachezaji mnanikumbusha kila wiki. Mnakuja hapa kwangu na simu zenu, mnanionyesha video ya dakika mbili na jedwali la rangi rangi, mnaniambia, "Mzee, huyu beki hafai, hana spidi." Nawauliza, siku hiyo alikuwa anamkaba nani? Hamjui. Nawauliza, kwao ni wapi, amelala wapi, amekula nini? Hamjui. Halafu mnanitazama kana kwamba mimi ndiye nisiyeelewa mpira. Mwanangu, nimechoka. Nitalisema jambo hili mara moja kwa maandishi, na atakayekuja tena na jedwali lake nitampa karatasi hii asome huku mimi nikinywa chai yangu.

Kwanza ujue anayesema nawe ni nani. Nilizaliwa Buger, katika nyumba ambayo hakuna aliyeweza kusoma hata maandishi ya kiberiti. Nilichunga, nikalima, nikabeba vitunguu vya Mang'ola mgongoni hadi barabarani ili nipate daftari na sare. Hakuna mjomba aliyenishika mkono. Nilifaulu mwenyewe, nikawa mwalimu mwenyewe, nikaandika barua ya kuomba masomo mwenyewe, nikapanda ndege kwenda Ulaya ya Mashariki, nchi ambayo mate huganda kabla hayajafika chini. Nilirudi na diploma ya ualimu wa michezo yenye muhuri mwekundu na utepe. Iko ukutani hadi leo, na mgeni akiingia humu namkalisha kwenye kiti kinachoitazama. Wanaosema najisifu na waseme. Na wao wakasome.

Huko nilikosoma, majira ya baridi hakuna mpira wa miguu. Uwanja wote ni barafu. Watu hucheza mpira wa magongo juu ya barafu hiyo, wamevaa viatu vyenye visu chini yake, wanateleza kwa kasi ya pikipiki na kugongana kama madume ya ng'ombe. Mwaka wangu wa mwisho nilipewa kazi ya kuwapima mabeki vijana wa mchezo huo: nani ana kipaji, nani atafika mbali, nani arudishwe kwao. Nilikabidhiwa fomu yenye jumla ya alama mia. Spidi. Nguvu za bega. Ukali. Kurudi kinyumenyume bila kumpa adui mgongo. Pasi ya kwanza baada ya kupokonya mpira. Nilizijaza fomu hizo hadi vidole vikafa ganzi, na mwalimu wangu, mzee mmoja aliyeng'olewa meno ya mbele na mchezo huohuo, akanisifu kwa mwandiko. Kwa mwandiko, mwanangu. Mimi nikajisikia nimesifiwa kwa macho.

Mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Nilirudi Karatu na fomu hizo sandukuni, nikazitafsiri kwa Kiswahili, nikafuta neno barafu nikaweka neno nyasi, nikadhani kazi imekwisha. Hata hizo nyasi hazikuwapo. Uwanja wetu ulikuwa vumbi na vinyesi vya punda.

Ilikuwa ile miaka ya themanini mwanzoni, sabuni ya foleni, sukari ya foleni, na mafuta ya gari ni hadithi. Mkoa uliita vijana kambini Arusha. Kutoka kwetu, Karatu na Ngorongoro pamoja, walitaka beki mmoja tu. Zama zile kijana aliyefika kambini alikuwa ameshika mlango wa maisha, maana timu za mashirika ya umma zilikuja kutazama, na aliyechukuliwa na shirika alipewa kazi, chumba na mshahara. Na wa kumchagua beki huyo nilikuwa mimi, peke yangu, kwa sababu ni mimi niliyekuwa na diploma. Nililisema hilo mara nyingi sana wakati ule. Nadhani nililisema hata kwa watu ambao hawakuwa wameniuliza.

Walikuja vijana kumi na wawili. Baada ya saa moja nilishawapunguza wakabaki wawili.

Wa kwanza aliitwa Boay, mtoto wa jirani zetu wa Buger, kifua kama gunia la mahindi. Akipita karibu yako unasikia upepo. (Wapo waliosema baadaye kwamba nilimpendelea kwa kuwa ni wa kwetu. Wanyamaze. Nilimpendelea kwa kuwa fomu ilimpendelea.) Wa pili aliitwa Lemayian, kijana wa Kimaasai kutoka Soitsambu kule Loliondo, safari ya siku mbili juu ya malori. Alishuka akiwa amevaa makatambuga ya tairi, amejitanda shuka, mkononi ana barua ya mwalimu mkuu wa shule aliyomaliza darasa la saba. Barua yenyewe ilikuwa na maneno mawili: "Huyu hapitwi." Nilicheka. Hiyo ni barua ya kumtambulisha mtu? Haina urefu, haina uzito, haina hata umri.

"Umepewa ruhusa kwenu?" nikamuuliza.

"Nimepewa siku kumi, mwalimu."

"Siku kumi za nini?"

"Za kujua. Sisi ni wawili kwa baba. Mmoja akienda, mmoja lazima abaki na ng'ombe. Nikichaguliwa, naenda mimi. Nisipochaguliwa, anakwenda mdogo wangu, mimi nabaki."

Alisema hivyo bila kulalamika, kama mtu anayemwelekeza mwenzake njia. Nami nikaandika kwenye fomu: Nyumbani hakuna tatizo.

Siku ya kwanza niliwarudisha wale kumi uwanjani wajaze timu mbili, vijana kwa vijana, Boay huku na Lemayian kule. Mimi nilikaa juu ya pipa la lami lililopinduliwa, fomu magotini, saa ya kupimia mbio shingoni. Kila Boay alipokimbia nilibonyeza saa, nikaandika sekunde. Alikimbia mara zaidi ya thelathini, na kila mara alipofika, mtu alianguka. Ilikuwa raha kumwandika. Lemayian hakunipa cha kubonyeza. Nilisubiri akimbie, hakukimbia. Waliokuwa wakitazama walinisimulia miaka ya baadaye kwamba alikuwa akitembea, na wakati mwingine alisimama kabisa, wayo wa mguu mmoja umeegemea goti la mwingine kama yuko machungani, na mpira ulifika pale alipo kana kwamba umeitwa. Anaupokea, anampa mwenzake, anasimama tena. Nasema walinisimulia, kwa sababu mimi nilikuwa natazama saa. Upande wake halikuingia goli hata moja, nami nikaandika: Mafowadi dhaifu.

Simba mwenda pole ndiye mla nyama. Methali hiyo nilikuwa naifundisha darasa la sita, na kuwachapa waliokosea maana yake.

Siku ya pili nikasema nitaleta fowadi wa kweli. Bwana Mifugo wa Wasso alikuwa Karatu kufuata dawa ya josho. Jina lake Saitoti, Mmaasai wa Loliondo, mtu wa miaka arobaini kasoro mmoja, mwenye tumbo linaloanza kujitegemea. Ujana wake alikuwa fowadi wa kuogopwa, na hadi siku ile hakusafiri bila daluga zake za kuchezea mpira ndani ya mfuko, karibu na sindano za ng'ombe. Nilipomwomba acheze hakuuliza hata kwa nini. Alishavua koti.

Ilikuwa siku ya mnada, kwa hiyo watu walijaa kandokando ya uwanja na fimbo zao, wengine na mbuzi wao. Kabla ya filimbi, Lemayian alimwendea Saitoti, akainamisha kichwa. Saitoti akaweka kiganja juu ya utosi wake kidogo, akakitoa. Kisha kila mmoja akaenda mahali pake.

Mwanangu, hapo simama kwanza. Mimi nimezaliwa jirani na Wamaasai. Tangu utoto nimeiona salamu ile mnadani mara zisizohesabika, najua kijana humwinamishia nani kichwa. Lakini siku ile nilikuwa na kalamu, na mtu mwenye kalamu hukimbilia kuandika. Niliandika: Anaogopa kabla ya filimbi. Ukali, mbili kati ya ishirini.

Mpira ukaanza. Saitoti akapewa pasi, akamwendea Lemayian. Lemayian akarudi kinyumenyume, uso kwa uso naye, hatua kwa hatua, hadi karibu na goli. Kisha akasogea kando. Hakuweka bega, hakuweka mguu. Alimpisha kama unavyompisha mtu mlangoni. Goli. Mara ya pili vilevile. Mara ya tatu watu wakaanza kushangilia kwa kejeli kila Lemayian aliposogea.

"Lango la mnada hilo! Ng'ombe waingie!" akapiga kelele mwuza mbuzi mmoja.

"Kijana, mtoze hata ushuru basi!" akadakia mwingine.

Nikabadilisha upande, nikamweka Boay amkabe Saitoti. Mpira wa kwanza, Boay alimpiga bega Saitoti akaenda kukaa chini, vumbi likamfunika. Mpira wa pili, hivyohivyo. Saitoti akabaki amekaa, anajipangusa masikio.

"Nimeua kupe wote wa Loliondo," akasema, "leo nauawa na mkulima!"

Watu walicheka hadi mbuzi wakashtuka. Nami nikajumlisha alama palepale, kwa sauti, kwa sababu nilitaka watu waone jinsi kazi ya kitaalamu inavyofanywa. Boay, themanini na nne. Lemayian, thelathini na moja.

"Wewe," nikamwambia, "si beki. Wewe ni mlango usio na komeo. Rudi kwa ng'ombe."

"Ndiyo, mwalimu."

"Huna la kusema?"

"Sina, mwalimu. Wewe ndiye uliyesoma."

Akavua daluga alizokuwa ameazima kwa kijana mmoja, akazipangusa vumbi kwa ncha ya shuka yake, akazirudisha kwa mwenyewe. Saitoti alikuwa amesimama pembeni yangu. Alifungua mdomo kusema neno. Nikainua mkono kumzuia, nikamwambia, "Bwana Mifugo, wewe unajua ng'ombe. Mimi najua mpira." Akaufunga mdomo. Nilijisikia mkubwa sana.

Boay akaenda Arusha. Baada ya wiki tatu akarudi na begi lake na barua ya kocha wa mkoa, na barua hiyo ilikuwa kali. Anakimbilia kila mpira, iliandikwa, na akishatoka hakuna ajuaye atarudi lini. Kama una mwingine, mlete kabla ya mwisho wa mwezi. Kama huna, nafasi yenu nawapa wengine.

"Imekuwaje?" nikamfokea Boay.

"Mwalimu, wale wameniweza," akasema, bila hata aibu, maana alikuwa mtoto mkweli. "Wananionyesha mpira, naufuata, mwenzao anapita nyuma yangu. Kila siku. Hata mimi nikajionea huruma."

Alirudi shambani kwao akaoa mapema, na ngano yake ilikuwa nzuri kuliko mpira wake. Sina ugomvi naye. Lakini mimi nilikuwa na barua mkononi na wiki moja na nusu, na mwingine niliyekuwa naye ni yule yule niliyemwita mlango. Nilikasirika mwanangu, wala sitakuficha: nilimkasirikia yeye. Kwamba inanibidi nimfuate. Nilipanda lori la mahindi nikavuka Ngorongoro, nikalala njiani, nikafika Wasso siku ya pili nimekuwa mwekundu kama tofali, nikaenda moja kwa moja ofisini kwa Saitoti ili anipeleke Soitsambu na kunitafsiria.

"Unamtaka kijana yupi?" akaniuliza.

"Yule uliyempita mara tatu."

Alicheka. Kisha akaacha kucheka, akanitazama vizuri.

"Diploma," akasema, maana ndivyo walivyoniita nyuma yangu na yeye akaamua kuniita hivyo usoni, "tazama tumbo hili. Unadhani nilimpita?"

"Niliona kwa macho yangu."

"Uliona akinipisha. Mimi ni rika moja na baba yake. Tulitahiriwa chini ya jina moja, mimi nikiwa katika wadogo wa rika lile. Kwa yule kijana mimi ni mzazi. Ulitaka anitupe vumbini mbele ya mnada mzima, halafu arudi kwao akalale nyumba ya nani?"

"Kwa nini asiniambie?"

"Akuambie nini? Akufundishe wewe, mzaliwa wa hapahapa, kitu ambacho mtoto wa miaka mitano anakijua? Alidhani unajua. Alidhani ndicho unachompima, kwamba unataka kuona kama ana adabu kabla hujampeleka mjini. Hata mimi nilidhani hivyo. Nikasema, loo, huko Ulaya wanafundisha vizuri."

"Na wewe? Mbona hukuniambia?"

"Nilifungua mdomo. Wewe ukainua mkono."

Akaendelea, na sasa alikuwa anasema taratibu, kama anavyosema na mtu ambaye ng'ombe wake wameshakufa.

"Siku ya kwanza, vijana kwa vijana, nilikuwa kibandani kwa muuza chai. Chai yangu ilipoa, Diploma. Hakuna aliyepita. Wale watoto walikuwa wanakimbia, yeye anajua tayari wanakokimbilia. Mimi nimecheza mpira miaka ishirini, beki wa namna ile nimemwona mara mbili. Nikajiuliza mbona yeye humwandiki. Nikasema, labda anaandika kichwani."

Palepale nikamkumbuka yule mzee wangu wa barafuni, asiye na meno ya mbele. Jioni moja alinipokonya fomu, akaikalia, akaniambia nitazame dakika kumi bila kuandika chochote, kisha nimwambie beki gani ni bora. Nikamtajia aliyegonga watu sana. Akatikisa kichwa. Akanionyesha mwingine ambaye nilikuwa hata sijamwona uwanjani. Alisema fowadi hujionyesha, lakini beki lazima umtafute. Nililiandika hilo kwenye daftari, kwa mwandiko mzuri sana, na kwenye mtihani nikapata alama zote.

Tulikwenda Soitsambu kwa pikipiki ya idara, mafuta tumeyakopa kwa mganga wa zahanati. Tulimkuta baba yake Lemayian mlangoni pa boma, mzee mrefu aliyekauka, amesimama na fimbo yake. Alisalimiana na Saitoti kirefu, kama watu wa rika moja wanavyosalimiana, wakaulizana habari za mvua, za ng'ombe, za watoto, na mimi nimesimama tu na koti langu la Ulaya. Hatimaye akanigeukia.

"Wewe ndiye uliyesema mwanangu ni mlango usio na komeo?"

Nikakubali kwamba ndiye, lakini nikaanza kueleza kuwa kulikuwa na hitilafu ya kitaalamu katika vigezo vya upimaji. Saitoti alikataa kuyatafsiri hayo. Alinitazama tu, nikayafupisha: nilikosea, nimekuja kumchukua.

Mzee akasema, na Saitoti akanipa neno baada ya neno.

"Mimi nilikuwa na macho yangu. Nilijua huyu mkubwa ana kitu. Nilimwona tangu akiwa mdogo, ndama wakitaka kutoroka yeye yuko mbele yao tayari, na hakukimbia. Ndiyo maana siku kumi nilimpa yeye, sikumpa mdogo wake. Lakini aliporudi na neno lako, nikasema, yule mtu amesoma kuvuka bahari. Nikayaweka chini macho yangu, nikachukua ya kwako. Mdogo wake ameshaondoka. Amevuka mpaka kwenda Nairobi kulinda maduka, na sijui atarudi lini. Ng'ombe wako pale. Mimi miguu imekwisha. Sasa nimpe huyu uende naye, ng'ombe nimwachie nani? Hiyo diploma yako, inachunga?"

Nadhani Saitoti alitafsiri swali hilo la mwisho kwa raha fulani. Lakini baada ya hapo alimbembeleza mzee yule kwa dhati, kwa haki ya rika, mpaka jasho likamtoka. Akamwambia atamtafutia mtu wa kuchunga. Mzee akauliza ni nani, atalipwa na nani, na kiangazi kikija atahamia wapi na mifugo isiyo yake. Maswali ya kweli, mwanangu. Kwa hayo akatukatalia. Maji yakimwagika hayazoleki, na mimi ndiye niliyeyamwaga, halafu nikasafiri siku mbili kuja kuyazoa kwa mikono.

Lemayian tulimkuta kisimani, ananywesha. Alituona kwa mbali, na usoni mwake palitokea kitu ambacho nilitamani kisingetokea, maana alijua sababu moja tu ya mimi kufika kule. Nikaharakisha kumwambia kabla matumaini hayajamea zaidi. Kwamba Boay amerudi. Kwamba nafasi ipo. Kwamba baba yake amekataa, na kwamba baba yake ana haki.

"Nimekosea," nikasema. Hadi siku ile neno hilo nilikuwa sijalitamka tangu nishuke kwenye ndege.

Alitazama ng'ombe wake kidogo. Wala hakulia, wala hakunilaumu.

"Mwalimu, naomba nikuulize."

"Uliza."

"Ile siku ya kwanza. Nilicheza vizuri?"

"Vizuri sana," nikasema, kwa sababu Saitoti alikuwa ameniambia hivyo.

Macho yake yakachangamka. Akanisogelea.

"Wapi? Nilifanya nini kizuri? Na wapi nilikosea? Yule winga wa Endabash alinisumbua upande wa kushoto, sikujua nimsubiri au nimfuate. Nimekuwa nikiwaza hapa kila siku. Wewe ulionaje?"

Nilifungua mdomo, mwanangu. Nilikuwa na alama zake zote kichwani, safu kwa safu. Nilikuwa na miaka mitatu ya Ulaya. Kijana huyu hakuwa ananiomba kazi wala safari; hizo alijua zimekwisha. Alikuwa ananiomba kitu kimoja ambacho mimi peke yangu katika wilaya nzima nilisomea kumpa, mtu ajuaye mpira amwambie kwa ukweli alichokuwa. Na sikumjua winga wa Endabash. Sikujua kama kulikuwa na winga wa Endabash.

Alisubiri. Alinisubiri kwa muda mrefu kuliko mimi nilivyowahi kumsubiri yeye. Kisha akaelewa, nami nikaona alivyoelewa, akashusha macho kwa heshima ili nisiaibike mbele ya Saitoti.

"Basi, mwalimu," akasema. "Safari njema."

Hakucheza tena. Leo ni mzee mwenye ng'ombe wengi, ana wajukuu, na tukikutana ananipa mkono na kuniuliza hali ya afya yangu. Hajawahi kulitaja jambo lile. Mara nyingine natamani angenitukana, lingekuwa limekwisha.

Sasa nasaha yenyewe, na unisikilize, maana sitairudia. Sikukatazi kusoma. Diploma yangu siibandui ukutani, na atakayesema elimu haina maana nitamtoa nje. Lakini kabla hujampa kijana alama, uliza aliyesimama mbele yake ni nani kwake. Watu wetu hawakabiliani wakiwa watupu; mtu huingia uwanjani na baba zake, rika lake, deni lake la heshima, na usipoviona hivyo utaita adabu woga na utaita fujo ujasiri. Mtazame kwa muda bila kuandika. Beki hasa, maana kazi yake ikifanyika vizuri hakuna kinachotokea, na ninyi vijana mnapenda vinavyotokea. Mtu wa pembeni akifungua mdomo, hata kama ni muuza chai, hata kama ni daktari wa ng'ombe, mwache amalize. Ukijisifu sana, wenye macho watanyamaza wakidhani umeshaona, na hapo utakuwa kipofu peke yako katikati ya watu wanaoona. Na ikiwa lazima umrudishe kijana kwao, kwa sababu nafasi ni moja na wao ni wengi, basi usimrudishe na namba. Mkalishe chini, umwambie ulichokiona kwake, kizuri na kibaya, akiwa mbele yako bado. Hilo ni deni lako kwake hata akikosa kila kitu kingine.

Nenda, mwanangu. Mungu akupe macho yanayotangulia kalamu na masikio mapana kuliko mdomo. Wazazi wanaokuamini kuliko wanavyojiamini wasije wakajutia kukuamini. Na kila kijana utakayemgusa, awe wa kuchaguliwa au wa kukataliwa, siku akikuuliza alikuwa nani pale uwanjani, uwe na la kumjibu.